Usiondoke Dirishani

Narudi kwenye jambo hili la kuondoka kwenye dirisha la benki bila kukagua pesa, kwa sababu nanyi mnalirudia kila siku. Mtu anatoa pesa benki, anazisokomeza kwenye pochi bila kuzitazama, huyoo, anakimbilia daladala. Akifika sokoni, muuza mchele anaipapasa noti ya elfu kumi, anaiinua juani, anamrudishia: "Mama, hii feki." Hapo ndipo anaanza kupiga kelele kwamba benki ni wezi. Umeshapita kwa wakala, umeshapita kwa fundi; nani atajua noti ile umeipata wapi?

Pale dirishani pameandikwa uhesabu pesa kabla ya kuondoka. Basi hesabu! Foleni ikinung'unika, iache inung'unike. Bunda la noti 100 za elfu kumi ni milioni nzima, halafu unakwenda kulifungua nyumbani? Ule mkanda wa karatasi wenye muhuri uchane mbele ya keshia, na uutunze. Kisha papasa noti: chapa yake imeinuka, inakwaruza kidole. Iinue kwenye mwanga, sura ya Mwalimu Nyerere ijitokeze ndani ya karatasi. Usiridhike kwa kumwona tu tembo aliyechapwa kwenye noti. Tembo hata mashine ya fotokopi inamtoa.

Kwenye ATM, ukiitilia shaka noti, usiondoke. Ingia ndani na risiti. Kama ni usiku, piga simu benki ukiwa hapo hapo.

Lakini linalonikera zaidi ni hili la kumbambikia mwingine. Mama mmoja muuza vitumbua mtaani kwetu alipewa elfu kumi feki alfajiri, giza halijaisha. Mteja kanunua vitumbua vinne, karudishiwa chenji halali, katoweka. Faida ya asubuhi nzima ikaishia hapo. Jamani, unamwonea mtu anayeamka saa tisa usiku kukoroga unga!

Eti "naipitisha tu." Kumpa mtu noti ukijua ni bandia ni kosa la jinai, hata kama nawe uliletewa bila kujua. Ipeleke benki au polisi, eleza ulivyoipata. Ndiyo, wataichukua, na huenda usilipwe kitu. Inauma, najua.

Na wewe unayemtuma mtoto nayo dukani jioni, ukidhani mwenye duka hataikagua: akimshika mkono mwanao na kumuuliza nani kampa, mtoto atakutaja wewe, mbele ya majirani wote.