Dola Moja ya Jiji na Dola Tisa za Shirikisho



Swali nililopewa ni hili: je, ni busara jiji litumie fedha zake ili serikali ya shirikisho nayo itoe zake? Mfano wa Marekani una mafunzo mengi.

Sheria ya mwaka 1956 iliagiza kwamba katika kila dola 10 za kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo, serikali ya shirikisho itoe 9 na jimbo litoe 1. Wanaounga mkono mpango wa namna hii wana hoja nzito: wakazi wa kila jiji hulipa kodi ya shirikisho, na jiji lisilotoa mchango wake hubaki likiyajengea majiji mengine. Hoja hiyo siidharau.

Hata hivyo, tuutazame mji wa Honolulu. Mwaka 2007 wakazi wake walianza kulipa nyongeza ya kodi kwa ajili ya reli ya mjini. Mwaka 2012 serikali ya shirikisho iliahidi dola milioni 1,550, wakati gharama yote ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 5,100. Miaka michache baadaye makadirio yalikaribia dola milioni 10,000. Ahadi ya shirikisho haikupanda kwa kadiri hiyo. Sehemu kubwa ya nyongeza iliwaangukia wenyeji. Njia ikafupishwa, na abiria wa kwanza walipanda mwaka 2023.

Portland, katika jimbo la Oregon, ilifuata njia nyingine. Mwaka 1974 halmashauri yake iliikataa barabara kuu ya Mount Hood, ambayo ingebomoa makazi ya watu, ingawa fedha za shirikisho zilikuwa tayari. Sheria ya mwaka 1973 iliruhusu fedha kama hizo zihamishiwe kwenye usafiri wa umma. Mwaka 1986 mji huo ukafungua reli yake, iliyojengwa kwa sehemu ya fedha hizo hizo.

Ndugu zangu, wahenga walisema rahisi ni ghali. Kabla ya kutoa dola yake ya kwanza, jiji lijiulize mambo mawili. Je, kazi hii tungeitaka hata kama msaada ungekuwa mdogo? Na gharama ikizidi, nani atalipa? Kama jibu la kwanza ni hapana, dola tisa za mwingine haziwezi kuligeuza kuwa ndiyo.