Kujifunza Banjo kwa Ukucha na Kidole Gumba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya kazi njema ya kufanya baada ya saa za ofisi. Nasi tumechagua kujifunza banjo, khasa kwa ule mtindo wa kale uitwao klohama. Huenda wengine wakauliza: Banjo ni chombo cha Wazungu wa milima ya Appalachia huko Marekani, yatuhusu nini? Twaomba subira. Tutaeleza kwanza asili yake, kisha kazi ya mkono, maana mtu akijua kitu kimetoka wapi hukishika kwa adabu zaidi.

ASILI YAKE

Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliochukuliwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani. Tabibu Hans Sloane alifika Jamaika mwaka 1687, na katika kitabu alichokipiga chapa mwaka 1707 alitia picha ya vinanda vya kibuyu vya watumwa. Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa Rais, aliandika katika kitabu chake juu ya Virginia, kilichotoka mwaka 1785, ya kuwa chombo hiki Waafrika walikuja nacho kutoka kwao. Na hata leo, katika nchi za Senegal, Gambia na Guinea-Bissau, Wajola hupiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, chenye mpini mrefu na nyuzi 3, na mmoja wa nyuzi hizo ni mfupi. Mpigaji huupiga uzi mrefu kwa ukucha wa kidole cha shahada, mkono ukishuka chini, na ule mfupi huulia kwa kidole gumba. Ndivyo afanyavyo mpigaji wa klohama.

Katika karne ya 19 Wazungu wengine walijipaka weusi usoni, wakapanda jukwaani na banjo ili kuwafanyia Weusi mzaha. Mmoja aliyesifika sana alikuwa Joel Sweeney wa Virginia, aliyezaliwa mwaka 1810, naye ujuzi wake aliupata kwa Weusi. Watu wakavumisha kwamba yeye ndiye aliyebuni ule uzi mfupi. Walakini iko picha iliyochorwa South Carolina kati ya mwaka 1785 na 1790 hivi, iitwayo The Old Plantation, na ndani yake Mwafrika apiga banjo ya nyuzi 4, na uzi mfupi umo. Sweeney alikuwa bado hajazaliwa. Sisi makarani twajua thamani ya hati yenye tarehe: lisiloandikwa, mwenyewe hunyang'anywa.

Aibu ya mchezo ule ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Weusi wengi wa Marekani kuiacha banjo, hata wajukuu wao wakaidhani mali ya wengine. Lakini mwaka 2005 vijana watatu Weusi walimwendea mzee Joe Thompson wa North Carolina, mpigaji fidla aliyezaliwa mwaka 1918, wakaketi naye wakafundishwa nyimbo za fidla na banjo alizorithi kwa wazee wake. Wakaunda kundi la Carolina Chocolate Drops, na mwaka 2011 wakapata tuzo ya Grammy. Mzee alifariki mwaka 2012. Angalieni basi, wenzetu: wangalichelewa miaka saba tu, wangalikuta kaburi.

CHOMBO NA SAUTI ZAKE

Banjo ya klohama ina nyuzi 5. Uzi wa tano ni mfupi. Kigingi chake kiko ubavuni mwa shingo, nao ndio ulio juu, karibu na kidole gumba. Wote walioimba kwa sol-fa shuleni wataweza kuziwamba nyuzi bila taabu. Uzi wa tatu na uwe do. Wa nne ni so ya chini yake, wa pili ni mi, wa kwanza ni so ya juu, na ule mfupi ni do ya juu kuliko zote. Nyuzi zote zikipigwa wazi, zapatana. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kutumia siku zake za kwanza bila kuushughulisha mkono wa kushoto kabisa, na twashauri afanye hivyo.

KAZI YA MKONO WA KULIA

Kunja vidole mfano wa kucha za ndege, vilegee, visikazwe. Chagua kidole cha shahada au cha kati. Mkono wote ushuke kutoka kiwikoni na kifundoni, na mgongo wa ukucha ugonge uzi mmoja. Kidole chenyewe kisifyatue. Kikifyatua, sauti hupungua nguvu na mkono huchoka upesi. Hii ndiyo tofauti na mtindo wa vidole vitatu aliousifisha Earl Scruggs tangu mwaka 1945, ambao ndani yake shahada na kati hukwanyua kwenda juu.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote. Kila mkono ushukapo, kidole gumba na kitue juu ya uzi mfupi, hata kama hakitaulia. Kipigo kamili kina sehemu tatu: ukucha wagonga uzi mmoja, ukucha wapangusa nyuzi kadhaa, kisha gumba lauachia uzi mfupi, mkono ukiinuka. Hesabuni: "Moja, mbili-na, moja, mbili-na." Lile "na" ndilo la gumba. Gumba halitafuti uzi, kwa kuwa limekwisha fika pale pamoja na mkono.

Twajua jinsi ilivyo kwa mtu anayejifunza kupiga taipu. Atumiaye vidole viwili huwapita wenzake wiki ya kwanza, na mwisho wa mwaka amebaki pale pale. Na banjo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi mwenye haraka hukimbilia wimbo, akaacha gumba lining'inie hewani. Wimbo watambulika, lakini mwendo hauna uti wa mgongo, nao watu hawawezi kuuchezea.

Basi mazoezi yawe nusu saa kila siku, wala si saa nne Jumapili peke yake. Mwendo uwe wa kipigo kimoja kwa sekunde, wala usiongezwe mpaka kipigo kitoke sawasawa mara mia mfululizo. Ndipo mkono wa kushoto uanze kazi, na baadaye gumba lijifunze kushuka kwenye nyuzi za ndani.

Asiyepata mwalimu asikate tamaa. Kitabu cha Briggs cha mwaka 1855 chaeleza kipigo hiki cha ukucha kwenda chini. Naye Pete Seeger alipotoa kitabu chake cha kufundisha banjo mwaka 1948, hakungoja mpiga chapa mkubwa: alikidurufu kwa stensili, kama gazeti hili letu, nacho kikaja kuwafundisha watu wengi sana.

Wenzetu, ujuzi wa mkono hauwekwi kabatini kama faili. Hukaa katika mtu, na mtu hupita. Kila mmoja wetu ana jirani au mzee apigaye zeze, gambusi au ngoma kwa namna ambayo haijaandikwa popote. Tujifunze vema chombo tulichokichagua, polepole na kwa utaratibu. Na tukiwa tungali na nafasi, twende tukaketi kwa mzee yule, tutazame gumba lake linatua wapi, tuandike, na tarehe tuitie.