MBOLEA YA MAHINDI: TUSIIMALIZE SIKU YA KUPANDA



Haya tuliyazungumza mkutanoni hapa Kharumwa. Tunayabandika ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani.

Msimu uliopita baadhi yetu tuliweka yuria yote pamoja na mbegu, tukisema kazi iishe mara moja. Mbegu nyingine ziliungua. Zilizoota zilipendeza, kisha mvua kubwa zikaja, majani ya chini yakaanza kuwa manjano kabla mahindi hayajabeba. Tukavuna magunzi, na deni la mfuko liko pale pale.

Mbolea haikuwa mbovu jamani, wakati ndio haukuwa wake. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mche mdogo hauna mizizi ya kuila yote. Mvua inaizamisha chini, hasa kwenye luseni, mpaka mizizi haiifikii tena.

Basi tufanye hivi:

1. Siku ya kupanda tuweke samadi iliyooza au DAP, tufukie kidogo, ndipo mbegu.

2. Mahindi yakifika magotini, kama wiki ya nne, tupalilie kwanza, maana magugu nayo yanakula. Kisha tuweke nusu ya yuria.

3. Nusu ya pili tuweke mahindi yakikaribia kutoa mbelewele.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, kipimo ni nusu kizibo cha soda kila mara. Mfuko mmoja unatosha ekari. Weka vidole vinne kutoka kwenye shina, ufukie. Ukiiacha juu inageuka hewa. Ile harufu kali ni fedha yako inaondoka. Udongo ukiwa mkavu, kama inavyotokea Januari, ngoja mvua. Mvua kubwa ikiwa imefunga, ahirisha.

Mwenzetu mmoja akauliza: “Vijana wako kwenye mashimo ya dhahabu, nani ataweka mara mbili?” Swali la haki. Tumekubaliana kusaidiana kwa zamu, watu kumi kumi, shamba hadi shamba. Na kijana anayetaka kwenda machimboni aage baada ya mahindi ya kwao kuwekewa mbolea. Dhahabu itamngoja. Mahindi yakishapita wakati wake hayangoji mtu.

Anayesoma amsomee na jirani asiyejua kusoma.