Chungu cha Nyumbani: Mapishi ya Gharama Ndogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za jiko. Huenda wako watakaouliza, "Je, mwalimu ana habari gani na jiko?" Sisi twajibu hivi: mtoto ajaye darasani na njaa hasikii somo, hata mwalimu akipaza sauti namna gani. Kwa hiyo habari za chungu ni habari za shule pia, na mambo tutakayosema ni yale tuliyoyaona na kuyaonja katika vijiji vya Tunduru, hasa upande wa Nalasi, kusini, kuelekea mto Ruvuma.

Hatutataja vyakula vya hoteli wala vya mikebe. Tutataja vile vilivyomo shambani na ghalani, ambavyo mama aweza kuvipika kwa mafiga matatu, chungu kimoja, kinu na mchi.

Nchi ya Nalasi haikunyimwa vyakula. Hulimwa mahindi, mpunga, mtama, muhogo, mbaazi, karanga na ufuta, tena iko mikorosho iletayo fedha. Lakini fedha ya korosho huja kwa msimu, karibu na mwisho wa mwaka, nayo haikawii kwisha: hulipa madeni, hununua nguo na mabati, hutoa ada na madaftari. Ikifika Januari na Februari mvua zanyesha, mahindi mapya yangali mabichi, na ghala limebaki na vumbi. Hapo mama huugeukia muhogo, maana muhogo hungoja ardhini kama akiba ambayo haiibiwi upesi.

Basi na tuanze na muhogo. Wengi wetu hupanda muhogo mchungu, wala si kwa ujinga. Nguruwe mwitu na nyani huupita huo mchungu wakaufuata mtamu, na mwenye shamba karibu na pori ajua maana yake. Lakini kile kinachomkinga mkulima na nyani ndicho kinachoweza kumdhuru mkulima mwenyewe. Katika muhogo mchungu mna sumu iitwayo sianidi, na mwaka wa ukame sumu hiyo huzidi.

Wazee wetu waliijua dawa yake. Walimenya muhogo, wakauloweka majini siku tatu au zaidi hata ukalainika, ndipo wakauanika juani na kuutwanga. Siku zile tatu hazikuwa za bure. Ndizo zilizoiondoa sumu. Hatari huja njaa inapobisha hodi. Watoto walia, siku tatu zaonekana kuwa mwaka, na mtu huumenya muhogo leo, huuanika upesi juani, kisha hula unga wake kabla ya wakati. Kuanika peke yake hakuondoi sumu kama kuloweka kunavyoiondoa.

Matokeo yake ni mabaya. Uko ugonjwa uitwao konzo, na jina hilo ni la Kiyaka, lugha moja ya Kongo, ambalo maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake huko Kongo mwaka 1938. Mtu hulala mzima, au huenda shambani mzima, na ghafula miguu yote miwili hukakamaa, wala haiponi tena maisha yake yote. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, nchi ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, upande wa ziwa Viktoria. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea katika mkoa wa Mtwara, na katika wilaya ya Mbinga, ndani ya mkoa wetu huu wa Ruvuma. Basi jambo hili si hadithi ya mbali.

Bibi mmoja mzee wa Nalasi alituambia, "Mwanangu Mwalimu, sisi tumekula muhogo tangu utoto, na miguu yetu hii hapa." Tukamjibu, "Kweli, Bibi. Lakini je, ninyi mliuloweka siku ngapi?" Akasema, "Mpaka uvunjike kwa vidole." Kisha akawatazama wajukuu wake akanyamaza kidogo, akasema, "Hawa wa leo hawangoji." Neno lake ndilo somo lote. Waliolindwa zamani walilindwa na subira.

Lakini itakuwaje ikiwa unga wa muhogo mkali umekwisha sagwa, na hakuna mwingine nyumbani? Iko njia isiyohitaji hata senti moja, iliyofanyizwa na wataalamu wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, akiwamo Bwana Bradbury, nayo imefundishwa hapa kusini kwetu na ng'ambo Msumbiji. Tia unga wako katika bakuli, usawazishe juu, kisha weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Twaa unga huo wenye majimaji, uutandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usipite upana wa kidole kidogo. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini penye hewa. Sumu hugeuka kuwa hewa ikatoka, ndiyo sababu haifai kuutandaza ndani ya chumba kilichofungwa. Kisha songa ugali wako siku ile ile, usiulaze. Ugali huu huwa mweupe, wala hauna ule uchungu unaobaki kooni. Njia hii hupunguza sumu sana, lakini haiondoi haja ya kuloweka. Anayeweza kufanya yote mawili na afanye.

Tena tukumbuke kwamba ugali wa muhogo peke yake haumjengi mtu. Mwili huitaka nguvu ya kunde, mbaazi, karanga au samaki, na nguvu hiyo hiyo ndiyo iusaidiayo mwili kuishinda ile sumu iliyosalia. Kwa hiyo mboga ni ngao ya mlaji wa ugali.

Mboga ya kwanza ni kisamvu cha karanga. Chuma majani machanga ya muhogo, uyaoshe, uyatwange kinuni mpaka yawe laini kabisa. Usiyachemshe kwanza kisha ukayatwanga. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu ya majani ipate kutoka. Yatie chunguni pamoja na maji mengi, uyachemshe bila kifuniko muda wa saa moja au zaidi, mvuke upate kwenda zake. Katika wakati huo kaanga karanga kikombe kimoja, uzipepete maganda, uzitwange. Maji ya kisamvu yakipungua tia kitunguu kimoja na nyanya mbili, kisha karanga, ukoroge kwa moto mdogo mpaka mafuta yaanze kuonekana juu. Mwisho tia chumvi yenye madini joto, na uitie mwisho kweli, maana moto mwingi huyapoteza madini hayo. Chungu hiki chawatosha watu sita, na kitu cha kununuliwa dukani ni chumvi tu, kama bustani yako ina vitunguu na nyanya.

Lakini kabla ya kuzitwanga karanga, zimwage katika ungo uzichague. Zile zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye rangi ya kijivu, zitupe, wala usimpe kuku. Mwaka 1976 au mwaka huu, sumu ya ukungu ni ile ile: haionekani katika uji wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Nafaka na karanga zikaushwe juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo mtupu, na zihifadhiwe pakavu.

Tukitaja karanga, wazee watakumbuka ule mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo, na Nachingwea hapa kusini. Mitambo mikubwa ililetwa, msitu ukafyekwa, fedha nyingi mno zikatumika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Lakini vishamba vidogo vya karanga vya akina mama havikuachwa, navyo hata leo vyatia mafuta katika kisamvu. Kwa hiyo mtu asikidharau kishamba kidogo kilicho karibu na mlango wake.

Mboga ya pili ni mbaazi. Watu wengi huzikimbia kwa sababu zala kuni nyingi. Dawa yake ni maji na usiku. Chukua kibaba kimoja cha mbaazi kavu, uzichague, uziloweke tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, utie mengine, uzichemshe, na chungu hiki kifunikwe vema. Angalieni tofauti: kisamvu huachwa wazi ili sumu itoke, mbaazi hufunikwa ili moto usipotee. Zikilainika, tia kitunguu, nyanya, na ukufi mmoja wa ufuta uliokaangwa na kutwangwa. Wenye minazi watatia tui; sisi tusio na minazi hatuna sababu ya kusikitika, kwa maana ufuta na karanga zafanya kazi hiyo. Mbaazi zilizobaki jioni zaweza kuchemshwa vizuri tena asubuhi na kuliwa kwa muhogo mtamu wa kuchemsha, na mtoto akaenda shuleni tumbo likiwa limetulia.

Ya tatu ni uji wa mtoto mdogo. Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi, ingawa yafaa aendelee kunyonya hata afike miaka miwili au kupita. Wengi humpa uji mweupe wa maji na sukari. Tumbo lajaa, mwili haupati kitu. Fanya hivi: pima vijiko vitatu vya unga wa mahindi au mtama, na kijiko kimoja cha karanga zilizotwangwa laini kama unga. Koroga kwa maji baridi, kisha umimine katika maji yanayochemka, ukoroge mpaka uive na uwe mzito kiasi cha kutomwagika upesi kijikoni. Siku ukipata usipa, wale dagaa wa ziwa Nyasa waletwao kwa njia ya Songea, ondoa vichwa, wakaange wakauke, uwatwange wawe unga, nawe utie nusu kijiko. Papai lililoiva likipondwa lamfaa baadaye. Lakini mtoto apewe chakula katika bakuli lake mwenyewe, maana katika sinia la wote mkono mdogo hushindwa na mikono mikubwa.

Twapenda sasa kusema neno na akina baba. Mama hawezi kuloweka muhogo siku tatu ikiwa hana maji, wala kutwanga kisamvu baada ya kulima tangu alfajiri, kuchota maji na kutafuta kuni peke yake. Baba akipasua kuni kavu na kuzirundika mahali pasiponyeshewa, moto hauli kuni nyingi, na moshi hauyaumizi macho. Vilevile, siku fedha ya korosho inapofika, na itengwe sehemu ya kununua mahindi wakati bei ingali chini, kabla ya miezi ya njaa. Pishi moja lililonunuliwa mapema ni bora kuliko mawili ya kukopa Februari. Na ninyi watoto wa shule, kuchagua karanga na kuangalia alama ndani ya bakuli ni kazi ya mwenye kujua kusoma na kupima. Ifanyeni, vijana wa kiume na wa kike pia.

Tumesema mengi, lakini yaliyo lazima ni machache, nanyi mwayaweza kuyakumbuka bila karatasi. Muhogo mchungu ulowekwe mpaka uvunjike kwa vidole. Unga wake ulowanishwe, utandazwe, upikwe siku ile ile. Majani yatwangwe kwanza, yachemshwe bila kifuniko. Karanga zichaguliwe. Mbaazi zilale majini. Ugali usikose mboga ya kunde, karanga au samaki. Katika hayo hakuna hata moja linalomtaka mtu awe tajiri.

Leo jioni, kabla ya kulala, yule mwenye mbaazi ndani na aziloweke. Kwa herini.