Tumbo Lisilotulia

Akina mama, wazee na vijana, leo tuzungumze juu ya tumbo, hata kama tunaona haya kutaja mambo ya choo mbele za watu.

Tukitembelea nyumba huku Meru na Embu, tunawakuta watu wanaopimwa taifodi kila mara. Wanameza dawa, na mwezi ujao tumbo ni lile lile. Mama mmoja aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya vipimo, karo ikabaki deni. Majirani wakanong'ona kuwa amerogwa. Tujue kwamba kipimo cha damu cha Widal hukosea mara nyingi.

Upo ugonjwa ambao madaktari huuita IBS. Tumbo huuma mara kwa mara kwa miezi, choo huwa kigumu au cha kuhara, au vyote kwa zamu. Utumbo hauna kidonda, ila mawasiliano kati yake na ubongo yamevurugika. Ndiyo maana wasiwasi huuzidisha. Mgonjwa hasingizii, na ugonjwa huu haugeuki saratani.

Tufanye nini? Maharagwe ya githeri yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Yakiendelea kukusumbua, yaache kwa majuma machache, ule wali, nduma au viazi, uone. Jaribu vivyo hivyo na chai ya maziwa. Miraa nayo hufunga choo na kufukuza usingizi. Kula kwa saa zako, tembea, lala.

Je, dawa za Kihindi za Ayurveda? Maganda ya isabgol hata madaktari huyakubali: kijiko kimoja katika glasi ya maji, unywe papo hapo, kisha maji mengine. Anza na kidogo. Lakini poda zisizojulikana tuziogope. Mwaka 2004 watafiti walichapa habari za dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani: 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, ambayo ni sumu.

Na haya yasingoje hata siku moja: damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, chakula kukwama kooni, maumivu ya kukuamsha usiku, au shida iliyoanza baada ya miaka 50. Hapo ni hospitali, si duka la dawa.

Mwenye swali aulize. Anayeona haya, tutakuwa pale chini ya mti baada ya mkutano.