Ini la Panya Mnene: Tunachojifunza Kutokana na Metformini



Mada yangu inahusu kidonge ambacho wahudumu wa kliniki za kisukari wanakitambua hata kwa harufu: metformini. Daktari Mfaransa Jean Sterne alieleza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957, na leo ndiyo dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani huanzishiwa. Ila leo nitaiacha sukari kando, niangalie ini la panya mnene. Swali ni hili: dawa ikiliponya ini la panya, tumepata ruhusa ya kumwambia nini mgonjwa?

1. Panya mwenyewe

Mwaka 1949, katika Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wadogo walionenepa kupita kiasi. Waliitwa ob/ob, kwa kuwa kila mmoja amerithi jeni yenye hitilafu, iitwayo ob, kwa baba na kwa mama. Ilipofika 1994, Jeffrey Friedman na wenzake waliitambua jeni hiyo. Kazi yake ni kutengeneza leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Panya huyu hana leptini inayofanya kazi, hivyo ubongo wake huamini kuna njaa siku zote. Anakula bila kushiba, hajishughulishi, na ini lake linakua na kujaa mafuta.

2. Dawa ilifanya nini

Mwaka 2000, kundi la Anna Mae Diehl wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya kuwapa panya hao metformini. Ini lilipungua ukubwa, mafuta yalipungua, na vimeng'enya vya ini vilivyokuwa vimepanda kwenye damu vilishuka. Watafiti walieleza kwamba dawa ilipunguza TNF, kemikali inayochochea uvimbe ndani ya ini, pamoja na SREBP-1, protini inayoliamuru ini kutengeneza mafuta.

Tafiti za baadaye ziliongeza kiungo kingine. Metformini hubana kazi ya mitokondria, seli ikahisi nishati inapungua. Hapo kimeng'enya AMPK huamka: utengenezaji wa mafuta unapunguzwa na uchomaji unaongezwa.

3. Zamu ya binadamu

Mwaka 2001, watafiti wa Italia waliwapa metformini wagonjwa 20 wa ini lenye mafuta kwa miezi minne, na vimeng'enya vikashuka. Matumaini yakapanda. Ukaja utafiti mkubwa zaidi nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011: watoto na vijana 173 wa umri wa miaka 8 hadi 17, kwa wiki 96. Waliopewa metformini hawakuwapita waliopewa vidonge visivyo na dawa katika kushusha kimeng'enya cha ini na kukidumisha chini. Leo miongozo ya kitabibu haipendekezi metformini kama tiba ya ini lenye mafuta. Imebaki kwenye kazi yake ya kisukari.

4. Njia zinapoachana

Panya hakutudanganya, tulimuuliza jambo asilokuwa nalo. Kwanza, watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo hauisikii. Panya wa ob/ob hana kabisa leptini inayofanya kazi.

Pili, kinachotabiri kifo cha mgonjwa wa ini lenye mafuta ni makovu kuliko mafuta yenyewe. Ini la panya wa ob/ob halijengi makovu kwa urahisi, kwa sababu leptini yenyewe hushiriki katika ujenzi wa makovu hayo. Kwa hiyo panya huyu anaweza kutujibu kuhusu mafuta, lakini kuhusu makovu hana la kusema.

Tatu, mwelekeo wenyewe unaweza kugeuka. Rosiglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, iliongeza mafuta katika ini la panya wa ob/ob. Pioglitazoni, ndugu yake, huyapunguza katika ini la binadamu. Angetegemewa panya peke yake, ukoo mzima wa dawa hizo ungetupwa.

5. Mapendekezo

(a) Pawepo kundi la panya wasiopewa dawa lakini wanaolishwa kiasi kile kile wanachokula wenzao wa dawa. Metformini hupunguza hamu ya kula. Bila kundi hilo, hatutajua kama ini limesaidiwa na dawa au na sahani ndogo.

(b) Jaribio lirudiwe kwa panya wenye leptini, walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta mengi.

(c) Tusiishie kwenye vimeng'enya. Kinyama cha ini kitazamwe kwa hadubini, na makovu yapimwe.

(d) Aina ya panya itajwe kwenye kichwa cha ripoti, isifichwe katika ukurasa wa mbinu.

6. Hitimisho

Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa kwenye ultrasaundi kwamba ini lake lina mafuta atauliza kama metformini yake italisafisha. Jibu la haki ni kwamba kidonge hicho ni cha kisukari na aendelee nacho. Kwa ini, akipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, atakuwa ametumia njia iliyothibitishwa kwa binadamu wenzake.