Tuwaendee Wazee Wangali Hai

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika huu, naomba tumtafakari mchoraji na mtafiti wa Denmark, Emilie Demant Hatt.

Mwaka 1907, akiwa amekwisha kujifunza lugha ya Wasami, alikwenda kaskazini mwa Uswidi akaishi hemani pamoja na wafugaji hao wanaohamahama. Alimsaidia Johan Turi, mwindaji wa mbwa-mwitu, kuandika habari za watu wake: ufugaji, uganguzi na nyimbo. Aliyapanga maandiko hayo na kuyafasiri. Lakini kitabu kilipotoka mwaka 1910, Kisami kilibaki ndani yake, na mwandishi aliyetajwa ni Turi.

Sisi Walutheri tuna la kujifunza hapo. Kanisa la Uswidi, lililoshiriki zamani kuziondoa ngoma takatifu za Wasami, liliwaomba radhi mwaka 2021. Ni jambo jema. Lakini ngoma iliyochomwa hairudi, wala mzee aliyekwisha kuzikwa haulizwi tena. Basi tuwaendee wazee wetu wangali hai, tuwasikilize kwa lugha zao, na tunayoyaandika yabaki na majina yao.